Wageni Wasioalikwa katika Tangi la Samaki

Siku hizi si ajabu kuona tangi la kioo lenye samaki wadogo wa rangi katika nyumba za watu, na hata katika vyumba vya shule. Watoto hulipenda, na wageni huketi kulitazama hata chai ikapoa. Lakini mtu akianza kufuga samaki namna hii, haitapita miezi mingi kabla ya kuona ya kuwa hakuweka samaki peke yao. Asubuhi moja ataona konokono mmoja juu ya kioo, kisha kumi, kisha mia. Au ataona vijinyuzi vyeupe vikijipindapinda majini. Au samaki wachanga watapungua mmoja mmoja, wala hajui waendako. Ndipo atakapoingiwa na hamu ya kutia dawa. Habari hizi zaandikwa kwa ajili ya mtu huyo, kabla hajaitia.

Mimi niliitia. Wakati ule nilikuwa nikifundisha katika shule moja chini ya mlima, tukawa na tangi la lita 80 darasani, lenye gapi kumi na wawili na perege wachanga sita. Wanafunzi waliona tangi halina majani, wakaenda kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, wakarudi na fungu zima la magugu ya maji. Nami nikawasifu. Baada ya miezi miwili kioo kilikuwa kimejaa konokono hata samaki hawaonekani vizuri. Basi nikamwendea mzee mmoja jirani yetu, mkulima wa kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, lakini konokono wamenishinda."

Akacheka, akasema, "Hilo si neno la kumshinda mwalimu. Dawa ya konokono ni mrututu." Akanipa kiasi cha kijiko kimoja katika karatasi, maana alikuwa akiutumia kwa mibuni yake.

Jioni nikautia majini. Asubuhi konokono wote walikuwa wamekufa, kama mzee alivyosema. Nilichosahau kumwuliza ni habari ya samaki. Wote kumi na wanane walikuwa wakielea matumbo juu, na watoto walikuwa wametangulia kuingia darasani. Hawakulia. Walisimama kimya wakinitazama, na mmoja akaniuliza, "Mwalimu, wameugua?" Sikuweza kumjibu kwa ndiyo.

Yule mzee hakunidanganya. Mrututu ni chumvi ya shaba, na katika karne ya 20 nchi nyingi ziliutumia kuua konokono katika mifereji na mabwawa. Lakini shaba iuayo konokono huharibu pia mashavu ya samaki, ndiyo yale matamvua mekundu anayovutia pumzi. Tena ukali wake hutegemea maji yenyewe. Katika maji magumu, yenye chokaa nyingi, nguvu yake hupungua. Katika maji laini kama yale ya mlimani kwetu, kiasi kidogo tu chatosha kuua. Hata baada ya kubadili maji, shaba yaweza kubaki katika mchanga, ikawadhuru kamba na viumbe wengine wadogo watakaowekwa baadaye.

Na laiti ningalitumia dawa nyingine isiyowagusa samaki, bado ningalikuwa hatarini. Konokono mia tatu wakifa usiku mmoja, wote huoza pamoja. Nyama iozayo majini hutoa amonia, nayo ni sumu kali kwa samaki. Katika tangi lililokaa muda mrefu wamo vijidudu wema, wakaao katika chujio na mchangani, ambao huigeuza amonia kuwa naitriti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Lakini kazi yao ina kipimo. Mzoga mmoja wataumaliza. Mizoga mia tatu itawazidi. Jambo hili lina ukali zaidi kwa wale wafugao samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao leo hupatikana katika matangi ya watu Ulaya na Marekani kama wapatikanavyo kwetu. Maji ya ziwa lile yana hali ya magadi, kipimo chake cha pH ni karibu 9, na katika maji ya namna hiyo, hasa yakiwa ya moto, amonia kidogo hufanya kazi ya amonia nyingi.

Basi tuanze mahali palipo na mzizi wa jambo. Konokono hawazai kwa kuwa ni waovu. Huzaa kwa kuwa wamelishwa. Katika nyumba nyingi kila mtu apitaye karibu na tangi hutupa chembe za chakula, mama asubuhi, watoto mchana, baba jioni, na kila mmoja hudhani ni yeye peke yake. Chakula kisicholiwa na samaki huanguka chini, nacho ndicho karamu ya konokono. Samaki wadogo wapewe mara moja kwa siku, kiasi watakachomaliza katika muda wa dakika mbili, na siku moja katika juma wasipewe kitu. Hawatakufa. Mtu mmoja apewe kazi hiyo, na wengine wazuiwe. Mwenye kufanya hivi kwa miezi miwili ataona konokono wakipungua wenyewe, pasipo kununua kitu chochote.

Anayetaka kuharakisha afanye mtego. Chukua jani la mchicha lililochemshwa kidogo, au kipande cha tango, ukifunge katika kijiwe, ukizamishe jioni taa zikizimwa. Alfajiri utakikuta kimefunikwa na konokono. Uinue pole pole na kuwatoa wote pamoja. Rudia usiku wa pili na wa tatu. Tena upitishe kidole juu ya kioo na chini ya majani: mayai ya konokono wengi hukaa katika ute mwangavu kama tone la uji mwepesi, na kwa joto la kwetu huanguliwa baada ya juma moja au mawili. Ute huo ukwangue, uutupe.

Yuko mmoja ambaye mtego huu humpunguza tu, wala haummalizi: konokono mrefu mwenye ncha kama pembe ndogo. Huyu ni wa asili ya Afrika na Asia ya kusini, na mchana hujificha mchangani. Wengi wao ni wa kike, huzaa pasipo dume, wala hawatagi mayai, bali huzaa wana walio hai wenye magamba yao tayari. Mmoja tu aweza kujaza tangi. Lakini mimi sina ugomvi naye sana, maana huchimba mchanga na kula uchafu uliozama. Na mwenye tangi atakapoona kwamba konokono hawa wote wamepanda juu ya kioo mchana, na ajue ya kuwa maji yameharibika. Ni walinzi wasiolipwa.

Wengine hushauri kutia samaki walao konokono. Shauri hili ni zuri nusu. Ndani ya Ziwa Viktoria na mito iliyo karibu nalo yuko samaki ambaye wataalamu humwita Astatoreochromis alluaudi, mwenye taya la pili ndani ya koo, zito, lenye meno butu ya kuvunjia magamba. Walijaribu kumtia katika mabwawa, katika Kenya na nchi nyingine za Afrika, ili awamalize konokono waletao magonjwa. Lakini samaki waliolelewa mabwawani kwa chakula laini walikua na taya jepesi la koo, nao wakapendelea wadudu laini kuliko konokono. Basi usimtie samaki mpya kama mtumishi kabla ya kujua atakula nini konokono watakapokwisha, na atakuwa mkubwa kiasi gani. Wako konokono wa Asia walao konokono wenzao, nao wana mabishano machache. Hawa hufaa katika tangi dogo kuliko samaki mkali.

Sasa nataka kurudi kwenye yale magugu ya mfereji, maana hapo ndipo palipokuwa na neno kubwa kuliko kufa kwa samaki wangu.

Baada ya siku chache Bwana Afya alifika shuleni kwa kazi nyingine, akaona chupa niliyotia magamba ya wale konokono ili kuwaonyesha watoto. Akalimwaga mezani. Baadhi yalikuwa bapa, yamezungushwa kama kamba iliyokunjwa chini; mengine mafupi, tundu lake likielekea kushoto.

Akauliza, "Mwalimu, hawa walitoka wapi?"

"Mferejini, bwana."

"Na ni nani aliyekuwa akitia mkono katika tangi hili?"

"Watoto wote, kwa zamu."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema tuwapime.

Wasomaji wengi wajua kichocho, lakini si wengi wajuao njia yake. Mdudu wa kichocho aligunduliwa na mganga Theodor Bilharz mjini Kairo mwaka 1851, na mwaka 1915 Robert Leiper, naye huko Misri, alionyesha jinsi konokono wa maji baridi wanavyomchukua. Mayai hutoka katika mkojo au choo cha mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, na kitoto chake hutafuta konokono wa namna yake na kuingia ndani. Huko huongezeka, na baada ya majuma kadhaa konokono hutoa vijidudu vyenye mkia kwa mamia na maelfu kila siku, hasa jua linapokuwa kali. Hivyo hupenya ngozi ya mtu mzima mzima isiyo na kidonda, kwa dakika chache. Konokono bapa, Biomphalaria, huchukua kichocho cha tumbo. Yule wa tundu la kushoto, Bulinus, huchukua kichocho cha mkojo. Tena yuko konokono mwingine asiye na hatia, aliyetoka Marekani ya Kaskazini na kuenea dunia nzima pamoja na majani ya matangi, ambaye gamba lake lina tundu la kushoto vile vile. Kwa macho ya mtu asiyefundishwa hawatofautiani. Kwa hiyo kanuni yetu iwe moja: kila konokono aliyetoka ziwani, mtoni au mferejini, sharti adhaniwe kuwa ni wa kichocho.

Watoto wetu wawili walionekana wana ugonjwa, wakapewa dawa ya prazikwanteli, wakapona. Je, waliupata darasani? Hakuna awezaye kusema, maana wote wawili walikuwa wakioga mferejini. Lakini mimi sikupata usingizi mzuri majuma yale.

Ni haki kusema na upande wa pili. Konokono aliyezaliwa ndani ya tangi hana ugonjwa, kwa kuwa haupati kwa mama yake. Huupata tu kwa maji yaliyotiwa mkojo au choo. Na kile kijidudu chenye mkia, kisipopata ngozi, hufa kwa muda wa siku mbili hivi. Kwa hiyo hatari imo katika konokono wakubwa waliokamatwa porini, na katika maji yaliyoletwa pamoja nao. Majani yakitoka kwa mfugaji mwenzako aliyeyaotesha katika tangi, hofu hii haipo. Itabaki ile ya usumbufu tu.

Mwenye kutaka majani ya mferejini pamoja na hayo, na avae mifuko ya mpira mikononi tangu mwanzo. Ayatikise na kuyaosha, awatoe konokono wote waonekanao. Kisha ayeyushe kijiko kimoja kikubwa cha shabu katika lita 4 za maji, ayalaze majani humo kwa saa tatu, ayasuuze mara nyingi. Wengine hutumia dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa maji sehemu ishirini, kwa muda usiozidi dakika mbili. Hii ni kali, huunguza majani mororo, na mabaki yake huua samaki, basi mimi napenda shabu. Baadaye majani yakae katika ndoo ya maji safi kwa majuma matatu, mahali penye mwanga, na kila siku chache yatazamwe kama mayai yameanguliwa. Ndoo ifunikwe kwa kitambaa, la sivyo utakimbia konokono na kufuga mbu.

Kitambaa hicho kisiwe kipande cha chandarua chenye dawa. Hapa naomba akina mama wanisikilize sana. Dawa ya vyandarua, na dawa nyingi za kupuliza nyumbani kuua mbu na mende, ni ndugu za pareto, lile ua jeupe lilimwalo katika nchi za juu za Kenya na Tanzania. Watu na kuku huzivumilia; samaki hawazivumilii hata kidogo. Ndoo iliyofuliwa chandarua isichote maji ya tangi kamwe. Siku ya kupuliza dawa chumbani, funika tangi kwa nailoni, zima pampu ivutayo hewa ya chumba wakati wa kupuliza, kisha fungua madirisha vizuri kabla ya kuiwasha. Samaki wengi waliofiwa nao watu pasipo kujua sababu waliuawa kwa njia hii.

Nirudi kwa wageni wengine. Yuko mmoja mdogo aitwaye haidra, hazidi urefu wa sentimita moja, ashikamanaye na kioo kama uzi wenye nyuzi nyingine kichwani. Nyuzi hizo huwasha kama upupu, naye huwanasa samaki waliozaliwa siku hiyo. Mwaka 1740 mwalimu mmoja wa nyumbani, Abraham Trembley, aliyekuwa akifundisha watoto wawili wa mtu mkubwa huko Uholanzi, alimwona katika gudulia la maji ya bwawa. Hakujua kama ni mmea au mnyama, basi akamkata vipande viwili ili aone. Vyote viwili vikawa haidra wazima. Baadaye akapewa jina la joka la hadithi za Wayunani, ambalo kichwa chake kimoja kikikatwa huota viwili. Sasa msomaji ameelewa kwa nini kumkwangua kwa wembe hakufai: kipande kilichoanguka chaweza kukua tena. Mnyime chakula, hasa wale vijidudu hai wapewao samaki wachanga, na umnyonye kwa mpira mwembamba pamoja na maji.

Vivyo hivyo planaria, mnyoo bapa mwenye kichwa kama ncha ya mshale na macho mawili yaliyokaribiana. Naye akikatwa huongezeka. Mtegee usiku kwa kichupa chenye vitundu vidogo, ndani yake kipande cha nyama mbichi, ukitoe asubuhi. Lakini tazama kichwa kwanza! Wale minyoo wembamba kama uzi, wasio na kichwa cha mshale, wajipindao majini chakula kinapozidi, hawana dhara lolote; ni wafagiaji. Wako wauzao dawa ya minyoo ya mifugo, fenbendazoli, kwa kazi ya planaria na haidra, nayo kweli huwaua; lakini huwadhuru konokono wengine, na kipimo chake ni kidogo sana, basi mwulize mganga wa mifugo wala usikadirie kwa ncha ya kisu kama nilivyofanya na mrututu.

Samaki wachanga wakipotea na haidra hayupo, tafuta mtoto wa kereng'ende. Huja na majani akiwa yai, hukaa kimya kama kijiti, ana mdomo wa chini uliokunjwa ambao huufyatua mbele na kunasa. Huyu hana dawa ila kijiwavu na subira. Mruba na chawa wa samaki kadhalika hutolewa kwa koleo dogo.

Madoa meupe kama chembe za chumvi juu ya mapezi ni jambo jingine. Mdudu wake, akiwa ndani ya ngozi ya samaki, haguswi na dawa; hufa tu akiwa anaogelea majini kutafuta samaki mwingine. Ndiyo maana watu huona madoa yamekwisha, wakaacha dawa, na baada ya juma yakarudi. Pandisha joto pole pole hata digrii 30, ongeza hewa kwa kuwa maji ya moto huishika kidogo, utie chumvi ya mawe gramu 2 kwa kila lita, kwanza ikiyeyushwa pembeni, ukaendelee siku kumi. Majani mororo yahamishwe; samaki wa jamii ya kambare watazamwe sana, maana wengine chumvi huwachosha.

Na maji machafu ya tangi humwagwa wapi? Si mtoni, wala mferejini. Mwaka 2020 konokono mkubwa wa Amerika ya Kusini, Pomacea, alionekana katika mashamba ya mpunga ya Mwea nchini Kenya, akila miche michanga. Mayai yake ya rangi ya waridi hubandikwa juu ya mabua, nje ya maji. Konokono wa jamii hii wameuzwa katika nchi nyingi kwa ajili ya kula na kwa ajili ya matangi. Maji yako yamwage juu ya udongo wa bustani, migomba huyapenda. Konokono uliowatega wape kuku, ikiwa hukutia dawa yoyote, au uwaponde na kuwafukia.

Tangi lile la darasani nililimwaga, mchanga nikaufukia, kioo nikakisugua kwa siki. Mwaka uliofuata tulianza upya kwa gapi wanne, na majani yaliyokaa ndooni majuma matatu, yakihesabiwa mayai kila Ijumaa na yule mtoto aliyeniuliza kama samaki wameugua. Juma la tatu alipata ute mmoja nyuma ya jani. Akaukwangua mwenyewe, akaniletea juu ya kucha, akaniambia, "Mwalimu, tungoje tena."

Tukangoja majuma mengine mawili.